Maji Yaliyokufa

Maji ya kunywa ya nyumbani kwetu Ujiji yalinuka moshi. Hata leo nikipita penye jiko la kuni, nakunja uso kama mtoto anayelazimishwa dawa. Bomba la mtaa lilikuwepo, lakini kama pambo tu; tulichota ziwani, ndoo kichwani, asubuhi kabla ya shule na jioni baada yake. Msimu ule wa mvua, ugonjwa wa kuhara ulipoingia mtaani, Mama akaongeza adhabu juu ya adhabu: kila tone la kuingia kinywani lichujwe kwa kitambaa cheupe, litokote hasa, kisha lipoe ndani ya mtungi wenye kifuniko. Mchochea kuni nilikuwa mimi. Nadhani uchovu nilionao leo nilianza kuulimbikiza pale, nikiwa darasa la nne.

Mama alikuwa na sababu mbili. Moja ni sisi. Ya pili ni juisi ya ukwaju aliyoiuza dirishani kwetu, ambayo ndiyo iliyotuvalisha sare za shule. Tangu ugonjwa uingie, wateja walilipita lile dirisha kama wanaopita makaburini. Alijua akipata sifa ya kuchemsha watarudi. Tatizo lilikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa na kigoda chake palepale chini ya dirisha na mdomo usiojua likizo.

"Maji yakichemshwa yanakufa," aliwaambia wapita njia. "Ziwa lote lile Mungu kaliweka safi, unaona mpaka kokoto za chini, huyu anakwenda kuliua kwa kuni. Mwana wanje, mwanangu, utakunywa maiti?"

"Mama, unanifukuzia wateja!" Mama alilalamika kutoka ndani.

"Nimemfukuza nani? Nimewapa habari tu."

Watu walicheka, wakaenda zao bila kununua. Mama alimbembeleza, akamfichia kibuyu chake cha kuchotea, akamchemshia maji na mchaichai ayadhanie chai. Bibi alinusa, akaumwagia mpapai. Siku moja Mama aliketi kizingitini, masizi yamempanda hadi viwikoni, akasema polepole, "Sikio la kufa halisikii dawa." Halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, maana msimu ule neno kufa halikuwa la mchezo.

Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Bibi alifichuliwa na ukimya. Mteja alisimama dirishani asubuhi, akauliza, "Leo mbona hatusemwi?" Tukakimbilia chumbani. Tulimkuta macho yametumbukia, ulimi mkavu kama gome. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri na hakumwambia mtu. Baba akatoka mbio kuazima baiskeli. Mama alikuwa ameweka pakiti ya dawa ya chumvi na sukari kutoka zahanati. Akaikoroga katika maji yetu ya moshi, akaanza kumnywesha kwa kijiko.

"Mama Tatu, ni yale maiti?" Bibi alinong'ona.

"Ndiyo, Mama. Meza."

Akameza. Hakuwa na nguvu za kubishana, na hilo ndilo lililonitisha kuliko macho yake. Zahanati walimtundikia dripu, nami nilibaki nyumbani nikichochea kuni bila kutumwa na mtu.

Alirudi amekonda kama ufito. Aliketi kigodani, akaomba maji, akaonja, akakunja uso. "Haya bado yamekufa. Yale mliyatia chumvi yakafufuka." Tangu hapo kikombe chake kilitiwa punje mbili tatu za chumvi, basi amani ikapatikana. Wapita njia nao akawabadilishia habari: "Yalikufa, yamefufuka, nunueni!" Wateja walirudi, wengine kwa ajili ya ukwaju, wengi kwa ajili ya mahubiri.

Bibi alikuja kufa kwa uzee wake, miaka mingi baadaye. Wenzangu wa kidato cha nne walitawanyika Dar na Mwanza. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi dirishani, hapa Katubuka, si mbali na Ujiji, ninapouza ukwaju uleule. Nina birika la umeme linalojizima lenyewe, umeme ukiwepo. Usipokuwepo narudi kwenye moshi, ule uliomwachia Mama kikohozi kisichoisha. Wanasema maisha siku hizi ni rahisi. Labda hawajafika kwangu. Ziwa bado linaonyesha kokoto, kuhara bado kunajua njia, na mimi bado nachemsha.

Mama ndiye mwenye kigoda sasa. Juzi nilimpa kikombe, akakirudisha kikiwa kimejaa.

"Tatu, nimechemsha maji maisha yangu yote. Nimechoka. Nenda ukaniletee ya ziwani, niyanywe hai mara moja kabla sijaenda."

Nilitafuta utani usoni mwake, sikuuona. Nikasimama pale na kikombe, nimechoka kama yeye. Kisha nikachukua chumvi, nikatia punje mbili tatu mbele ya macho yake. Akapokea, akanywa funda moja, akakunja uso uleule wa Bibi.

"Hayajafufuka vizuri," akasema, akaninyooshea kikombe. "Ongeza."