Kipande cha Shati la Danson

Sokoni Voi, ukiuliza Everlyne fundi wa nguo yuko wapi, mtu atakuonyesha kibanda chake kisha akuonye uende na adabu. Everlyne ana hasira na haoni sababu ya kuzificha. Aliwahi kushindana na mwalimu mkuu mmoja aliyesema mapindo ya yunifomu yameshonwa ovyo. Alizimwaga zote thelathini mezani mbele ya wazazi, akapima pindo moja moja kwa utepe, na hakuondoka mpaka mwalimu alipoomba radhi. Alizaliwa Mbololo, akajifunza kushona katika chuo cha ufundi akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo cherehani ndiyo imemlisha. Watu walimvumilia kwa sababu kazi yake haikuwa na kasoro, na kwa sababu mumewe, Danson, alikuwa na upole wa kuwatosha wote wawili.

Danson alikuwa mwashi. Kila asubuhi alivuka barabara kuu ya Mombasa kwa baiskeli kwenda kwenye kazi zake za ujenzi. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Julai, lori lilimgonga pale pale ambapo wakazi wamekuwa wakiomba matuta tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni. Dereva hakusimama. Baiskeli ilipatikana upande huu wa barabara, Danson upande wa pili. Matuta hayajawekwa hadi leo. Ukitaka kumwona Everlyne akitetemeka mbele yako, mtajie neno "mpango", maana hilo ndilo jibu walilopewa kila walipokwenda kuuliza. Matuta yako kwenye mpango.

Ndiyo sababu alijiunga na akina mama waliokutana ukumbi wa kanisa kila Jumanne na Alhamisi. Walikuwa kumi na wanane, Wadawida wa Taita na Wakamba, na kila mmoja alikuwa amefiwa na mtu wake kwenye barabara ile. Mwenyekiti wao, Syombua, muuza nafaka aliyempoteza mwanawe Kimanzi, ndiye aliyeleta wazo. Washone kitambaa kimoja kikubwa cha kufunika ukuta, kila mama alete kipande cha futi moja kwa futi moja, na vipande vyote vizungumzie jambo moja tu, barabara. Wakubwa wa barabara walikuwa wameahidi kuja kwenye mkutano ukumbini humo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakiketi, wakikute kitambaa kimewakodolea macho. Barua walizoandika zilikuwa zimepotea zote ofisini, lakini kitambaa cha ukubwa ule kingepotelea wapi?

Everlyne akapewa kazi ya kuunganisha vipande, kwa kuwa hapakuwa na mwingine ambaye mshono wake ungebeba uzito ule.

Jumanne ya kwanza ya kuleta vipande, Nzilani alifungua mfuko wa karatasi akatoa satini nyeupe, mpya kabisa, aliyokuwa ameitarizi ua jekundu katikati. Nzilani ni mama mtulivu ambaye binti yake, Mutindi, aligongwa akienda shule. Everlyne aliichukua ile satini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hii ni ya duka," alisema.

Nzilani akakubali kwamba ni ya duka.

"Mutindi alivaa hii?"

Nzilani akatikisa kichwa.

"Sasa hao watu wakija tuwaonyeshe maua? Watatupigia makofi waende zao. Kila kipande kitoke kwa nguo mtu alivaa akiwa hai. Waone kola. Waone jasho. Kama mtu hana, asilete kitu."

Syombua aliuliza kama kuna mwenye neno, na nani angethubutu? Basi ikawa sheria. Nzilani aliikunja satini yake mara nne, akairudisha kwenye mfuko wa karatasi, akakaa mikono imelala mapajani.

Sheria ilikuwa nzuri, hilo nalisema bila kuogopa. Ubaya wake ni kwamba Everlyne mwenyewe hakuwa na nguo ya Danson hata moja. Alilikumbuka jambo hilo kabla hata hajaketi, na kiti kikawa kama kina miiba. Mdomo ulikuwa umetangulia kama kawaida yake, na sasa kurudi nyuma mbele ya kina mama kumi na saba hakuweza.

Nguo zilikwenda wapi? Zilikwenda kwa desturi. Wiki moja baada ya mazishi, watu wa ukoo wa Danson walitandika mkeka uani, wakapanga juu yake kila alichoacha cha kuvaa. Kaka yake mkubwa, Sylus, akachagua kwanza, kisha wajomba, kisha binamu, mpaka mkeka ukabaki mtupu. Nguo alizokufa nazo walikuwa wameshazichoma. Siku hiyo mjane huketi ndani na hasemi. Everlyne, ambaye hakuwahi kumnyamazia mwalimu mkuu wala askari wa kanjo wa sokoni, aliketi ndani akanyamaza. Aliona kupitia mlangoni Sylus akiinua shati la drafti la buluu, akilipima mabegani, akilitia kwapani. Shati hilo alilishona yeye kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wao Austin, na mfuko wake wa kifuani aliufanya mrefu kupita kawaida kwa sababu penseli ya Danson ya kupimia ilikuwa ikianguka kila alipoinama. Lilichukuliwa na hakusema neno. Kati ya mambo yote yaliyomkasirisha kwa miaka miwili, dereva na mpango na barua zilizopotea, hakuna lililomuuma kama ule ukimya wake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alifunga kibanda, akatia makasi kwenye mkoba, akapanda gari hadi Mwatate na kutoka hapo boda boda kwenda Wusi mlimani, nyumbani kwa kina Danson. Njiani alijipanga. Angesalimu, angekunywa chai, angeomba kwa heshima kipande kidogo tu. Alijiapia hatapandisha sauti.

Aliposhuka kwenye njia ya shamba la Sylus, alimwona Danson amesimama kwenye mahindi.

Lilikuwa shati lile lile, limevikwa vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, mikono imenyooshwa huku na huku, na juu yake mtungi wa plastiki mahali pa kichwa. Mtu wa vijiti wa kuwatishia tumbili. Drafti zilikuwa zimefifia mpaka buluu haikujulikana, bega moja lilikuwa limetobolewa na ndege. Mfuko ulikuwa pale pale kifuani, mrefu kama alivyoushona. Everlyne aliingia shambani bila kutafuta njia, akivunja mahindi ya watu.

Sylus alitoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi. Alimsalimu vizuri, akamwita shemeji, akamkaribisha chai. Everlyne aliuliza tu shati linafanya nini pale. Sylus akaeleza, na hakuona kwamba anaeleza jambo baya, kuwa lilimbana mabegani, na tumbili walikuwa wanamaliza shamba, na nguo ya marehemu haitupwi, kwa hiyo aliona bora lifanye kazi.

Everlyne akamwambia shida yake, kitambaa na barabara na sheria, maneno yakimtoka kwa kubanwa. Sylus alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Everlyne alijua angelisema, na kwa sababu hiyo alikuwa amechelewa miaka miwili kupanda mlima ule.

"Shemeji, nguo ikishagawiwa hairudi kwa mjane. Ikilala nyumba yako, inaita mwingine kaburini. Na wewe uko na Austin."

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma, na kilichozichochea ni kwamba aliogopa. Aliogopa kweli. Alimchukia Sylus kwa kumtaja mtoto, akajichukia mwenyewe kwa kuyaamini maneno yake.

"Haitalala kwangu," alisema. "Italala ukumbini, kwa ukuta, na wenzake kumi na saba. Siku ile mlinikalisha ndani nikanyamaza. Nilinyamaza kwa heshima ya Danson, si yenu. Hii shati nilishona na hii mikono. Ndugu yako umemsimamisha juani miaka miwili, Sylus. Leo sikuja kuomba."

Akatoa makasi. Alikata kipande cha mbele chote chenye mfuko, taratibu, akifuata mshono, kwa kuwa hata katika hasira ile mikono yake haikujua kukata ovyo. Ndani ya mfuko nyigu walikuwa wamejenga vyumba vya udongo, safi kama vimepigwa pima maji. Danson angecheka mpaka aketi chini. Everlyne hakucheka. Aliubomoa udongo kwa kidole, akaukung'uta, akamwachia Sylus mgongo na mikono iendelee kutisha tumbili.

Sylus alisimama kando muda wote asimzuie. Alipoona makasi yamerudi mkobani alisema tu kwamba mama yao asiambiwe, kisha akaenda kuinua mahindi yaliyokanyagwa.

Everlyne hakupita nyumbani. Asingekubali mbele ya mtu kwamba anaamini maneno yale, lakini alishuka Voi akaenda moja kwa moja ukumbini, mkoba kifuani, na alipofika alikuta wenzake bado wanashona. Alikitandaza kile kipande mezani. Syombua alikiangalia, akagusa tundu la begani, akauliza kama lishonwe. Everlyne akakataa. Libaki vile vile.

Aliketi kuanza kazi, akaomba sindano, na aliyoletewa ilikuwa tayari imetiwa uzi. Aliyeileta alikuwa Nzilani. Everlyne akagundua kwamba Nzilani hakuwa na kipande mkononi. Toka saa nane alikuwa akiwatungia wenzake sindano, na Jumanne pia, baada ya yale maneno, alifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Ndipo jambo lilipomwingia Everlyne, na lilimwingia vibaya. Mama aende dukani anunue satini, ashinde siku mbili akitarizi ua, kama nyumbani kwake kuna hata soksi ya mtoto?

"Mama Mutindi," alisema, na sauti haikuwa ile ya Jumanne. "Nguo za Mutindi ziko wapi?"

Nzilani alitazama mlangoni kwanza. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba rinda zuri alizikwa nalo, na zilizobaki wifi yake alizibeba kwenda Mata kwa mabinti zake, kwani ndivyo inavyofanywa. Mwaka jana alikwenda soko la Taveta akamwona mmoja wa wale mabinti na sweta ya Mutindi mwilini.

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza," alisema Nzilani.

Everlyne alilaza sindano mezani. Radhi hajui kuiomba, hajawahi kujifunza, na kwa umri wake sidhani atajifunza. Aliinuka akaenda kwenye kitambaa kikubwa kilichotandazwa sakafuni, akapima futi moja kwa futi moja kando ya mahali pa Danson, akachora pembe nne kwa chaki. Akamwambia Syombua, na wote walisikia, kwamba nafasi hii ni ya Mutindi na mtu asiiguse. Kisha akamrudia Nzilani.

"Kesho tunaenda Mata. Nitabeba sweta mpya ya kumwachia huyo mtoto, yeye hana makosa. Lakini kwa wifi yako mimi sitafungua mdomo. Utasema wewe."

Nzilani aliuliza itakuwaje wifi akikataa. Everlyne alifungua mkoba, akatoa makasi yake, yale ambayo hata mwanawe hayagusi, akamwekea mapajani.

Nzilani aliingiza vidole kwenye matundu yake, akayafungua, akayafunga. Alipozungumza, kina mama waliokuwa mwisho wa ukumbi waliinua vichwa, maana hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake ikiwafikia kule.

"Ni ya kijani," alisema. "Kiwiko cha kushoto kilitoboka nikakishona mimi, na uzi haukufanana. Nitakata hapo."