Migunga Niliyoipanda Ukingoni mwa Korongo

Nilipoolewa nilipewa chumba cha nyuma, kile kinachotazama korongo. Mama mkwe akasema kina upepo mzuri. Upepo ulikuwepo, sikatai. Kilichokosekana ni ardhi. Ukifungua dirisha ukatema mate, yanaangukia korongoni.

Zamani, wanasema, lilikuwa mfereji wa mvua tu, mtoto anauruka. Kila masika maji yakala pembeni, yakala chini, mpaka likawa shimo ambalo mtu mzima akisimama ndani humwoni hata kofia. Na wenye nyumba ile, hapo Gongo la Mboto, walikuwa na dawa mbili za korongo. Ya kwanza ni kumwaga takataka ndani ili lijae: pampasi, maganda ya mihogo, magodoro yaliyooza. Mvua ya kwanza ikija inabeba vyote, na udongo wa nyongeza. Dawa ya pili ni kufagia.

Mama mkwe anaamini mke anapimwa kwa ufagio. Uwanja uwe mweupe, usiwe na jani wala unyasi, uwe na michirizi ya chelewa kama kichwa kilichochanwa. Ukoka ukichomoza tu unang'olewa kwa jembe, eti unafuga nyoka. Kwa hiyo kila asubuhi tunafagia mchanga, na mchanga wenyewe tunausukumia wapi? Korongoni. Wanalilisha kila siku, halafu wanashangaa limenenepa.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano nilipoamua kwamba mwanangu hatalala kwenye chumba kinachongoja kuanguka. Hela ya ukuta wa mawe hatukuwa nayo. Kuhama, mume wangu alisema tusubiri kwanza. Mume wangu anajua kusubiri kuliko kituo cha basi.

Mie nimezaliwa Singida. Kwetu mgunga, ule mti wa miiba, haupandwi, unajiotea. Mbuzi wanakula maganda yake na kuzitawanya mbegu kwenye mavi yao. Lakini nimeona kwa macho yangu kingo za mito inayokauka kiangazi: penye migunga ukingo umesimama, pasipo na migunga umeporomoka. Na kidato cha tatu mwalimu wa baiolojia alitung'olesha mche mmoja. Juu ulikuwa urefu wa kiganja, chini mzizi urefu wa mkono mzima. Hicho kitu sikukisahau. Nikampigia mama, akanitumia mbegu kwenye kopo la majarini, akampa konda wa basi.

Mbegu ya mgunga ni ngumu kama kokoto. Ukiifukia hivihivi utakaa kimya na yenyewe itakaa kimya. Nilichemsha maji, nikayaepua, nikazitumbukiza na kuziacha mpaka asubuhi. Zilizovimba nikazipanda. Zilizobaki na ubishi wao nikazikwangua ganda kidogo kwa kikatio cha kucha, nikazilowesha upya. Nilizipanda kwenye pakiti za maziwa nilizotoboa chini, zenye udongo na samadi ya mbuzi. Lakini mche huu haukai sana kwenye pakiti. Mzizi ukigonga chini unajikunja, na mti uliojikunja mzizi haushiki kitu. Vuli ilipoanza tu nikaihamishia ukingoni, mashimo kumi na mawili, kila mche nimeuzungushia vijiti na kipande cha chandarua kibovu ili kuku wasiuparue.

Mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa nimechuchumaa na tumbo langu.

"Marahaba. Mwanangu, mjini tunapanda miashoki. Inanyooka, inapendeza. Hii miiba ni ya huko kwenu, kwenye mbuzi."

"Mama, hii inashika udongo."

"Udongo unashikwa na Mungu," akasema, akachukua ufagio wake akaenda kulisaidia korongo.

Basi. Miezi mitatu niliimwagilia kwa maji niliyooshea mchele. Ikafika magotini. Halafu nikaenda kujifungua, nikalala hospitali siku mbili, narudi na mtoto wa kike mkononi nakuta jivu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, dereva wa bodaboda, alikuwa ameambiwa asafishe nyumba kwa ajili ya wageni wa mtoto. Akafagia, akarundika taka zote ukingoni, akatia kiberiti. Migunga saba imekwenda.

"Shemeji, hivi hukuona kama kuna miti pale?"

"Miti? Mie niliona magugu tu, shem. Tena yamevaa neti."

Wakacheka, yeye na mama yake. Mtu anaona gugu limevaa chandarua, limezungushiwa vijiti, na bado hajiulizi nani kalivalisha. Na huyu ndiye aliyekuwaga ananisahihisha kila nikimwita abiria wake "mteja".

Nikapanda tena saba, mtoto mgongoni. Kati ya hiyo, minne ikashika. Ukijumlisha na mitano iliyopona moto ni tisa, yote usawa wa chumba changu, maana upande wa vyumba vyao nilikatazwa. Upande ule ulibaki mweupe unang'aa, mtu angeweza kumwaga wali akaula.

Mwanangu alipofika mwaka na miezi minane, ile ya kwanza ilikuwa imenipita urefu. Miiba yake ni myeupe, imenyooka, urefu wa kidole cha mtoto. Sitadanganya: nilijua, na nilikuwa nikiiokota kila siku. Siku moja sikuiokota yote. Mtoto akaenda peku nyuma ya nyumba, mwiba ukaingia kwenye unyayo ukatokea ubavuni mwa mguu. Alilia mpaka akakosa sauti. Niliuvuta kwa meno, nikakimbia naye zahanati akachomwa sindano, na njia nzima nilikuwa najiambia mti ule niliupanda mie, kwa mikono hii, kwa ajili yake.

Niliporudi, shemeji alikuwa na panga. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda kama hakimu. Mume wangu amesimama mlangoni, anasubiri.

"Leo inaondoka," mama mkwe akasema. "Umemtoboa mjukuu wangu."

"Mama ameshasema," mume wangu akadakia, akitazama chini.

Nilikuwa na mtoto begani, mguu umefungwa bandeji. Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele. Nikamwambia shemeji, "Kata. Kata yote tisa. Ila leo hiihii unahamia chumba hiki cha nyuma, na mie na mwanangu tunachukua chako."

Panga likateremka taratibu.

"Aa, shem, mambo ya vyumba yametoka wapi tena?"

"Si kina upepo mzuri? Hamia."

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama kanga yake. Hapo ndipo nilipowaelewa, na sijawahi kuwadharau watu kama nilivyowadharau dakika ile. Kumbe walijua. Miaka yote wanajua korongo linakuja, ila walishapiga hesabu kwamba litaanza na mtoto wa watu kutoka bara. Mimi ndiye niliyekuwa ukuta wao wa mawe.

"Huyu mwanamke ana mdomo," mama mkwe akasema. Panga likarudi uvunguni. Hakuna aliyekata, hakuna aliyehama. Nikamnunulia mtoto viatu vya plastiki, na matawi yote ya chini nikayapogoa mpaka usawa wa kiuno changu.

Masika ya mwaka huu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Sikulala kwa raha, nisijisifu. Siku ya tatu mgunga mmoja wa mwisho, ule uliokuwa peke yake pembeni, ulikwenda na udongo wake. Nikasema na hii minane inafuata. Haikufuata. Asubuhi ya tano nilitoka nikakuta mizizi inaning'inia hewani upande wa korongo kama nyuzi za mkeka uliofumuka, na ukingo umesimama. Lakini ule uwanja mweupe, uliofagiwa kwa miaka yote, ulikuwa umekatika kama keki. Jiko la bati la mama mkwe lilikuwa chini korongoni, na ufa umepanda ukutani kwa shemeji mpaka dirishani.

Hakuna aliyeniomba radhi, na wala sikutegemea. Radhi inataka mtu kwanza aone. Siku ya tatu mama mkwe akanifuata na ufagio wake, akaugeuza, akachora kwa mpini vialama vitatu mchangani, mbele ya ule ufa.

"Panda na hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa. Ila usiniachie majani."

Yaani mpaka hapo, nyumba inaning'inia, bado anagombana na jani.

Nilichukua jembe nikachimba pale aliponionyesha, nikarudi nyuma hatua mbili nikachimba upya, maana alama zake zote zilikuwa kwenye udongo uliokwishaachia. Shemeji alikuwa amesimama, mikono mifukoni, ananiangalia. Nikamtupia ndoo tupu miguuni.

"Maji," nikamwambia.

Akaenda.