Kiboko Mwenye Mtumbwi

Msimuliaji wa kijiji cha Namawala alikuwa Eufrasia. Mumewe, mzee Hermenegildi, kazi yake ilikuwa kusikiliza. Masika iliyopita, mto umefurika, Eufrasia alilazwa ukingoni juu ya mkeka, hoi, akingoja mtumbwi wa jirani yao Sylvanus umvushe apelekwe hospitali Ifakara. Sylvanus alimwona.

"Magunia kwanza, mzee. Mpunga wa tajiri huu, ukilowa nitamwambia nini? Nikirudi nambeba mama."

Aliporudi, mama alikwisha kufunikwa khanga.

Matanga yakaisha. Watu wakamwambia mzee ashitaki kwa mwenyekiti. Hakwenda. Desturi ya hadithi aliijua: msimuliaji hutaja mnyama, hataji mtu. Atakayelalamika kajitwika mwenyewe jina la mnyama huyo, na mzigo huo hautuliki mpaka kwa wajukuu.

Mavuno yakafika. Wakawa wanapura mpunga kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jioni moja, wako kwenye wali na samaki kitoga, mzee akakohoa.

"Kiboko alikuwa na mtumbwi. Swala mgonjwa akaomba kuvushwa. Kiboko akasema, maboga kwanza!"

Hakuwa na sauti ya Eufrasia. Lakini watoto walidaka: "Maboga kwanza!" Kesho yake wakaimba kisimani, wakaimba mashineni. Sylvanus naye alicheka.

Jioni iliyofuata, Kiboko wa hadithi akavaa kofia upande. Iliyofuata tena, akawa na pengo. Sylvanus akaacha kucheka, pengo lake lisionekane, na kofia akaivua.

"Nyamaza, baba Noela," mkewe Digna alimsihi. "Anakuchokonoa useme. Usiseme."

Zamu ikafika kwao. Mzee alipura kuliko vijana. Wakakaa kula, akaanza. Alipofika kwenye mtumbwi, Noela, kitinda mimba wa Sylvanus, akapiga makofi: "Maboga kwanza!"

Sylvanus akasimama, wali ukamwagika.

"Basi! Hayakuwa maboga, yalikuwa magunia! Na nilirudi!"

Digna akajishika kichwa.

"Nani kakutaja, mwanangu?" mzee akauliza polepole. "Mimi nasimulia habari za kiboko."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko. Wote wakafuata.

"Kumbe Kiboko tunaye hapa, jamani! Shikamoo, Kiboko!"

Sylvanus akapiga magoti kwenye makapi.

"Nisamehe, mzee. Imalize hadithi. Kiboko atubu, yaishe."

Hermenegildi alimtazama kama mtu anayetazama shamba la mwenzake likiungua.

"Aliyekuwa anajua kumaliza hadithi ni Eufrasia," akasema. Akasogeza sahani, akaomba mchuzi.