Mita ya Njano

Nilikuwa na roho ya kwa nini, na sioni haya kusema. Aliyenitia roho hiyo ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, fundi redio kama mimi. Miaka ya shida tulikuwa sawa. Pale Same sote wawili tulipima umeme kwa mita za mshale, na watu waliposhuka kutoka Vudee siku ya gulio na betri zao za redio, nusu walikuja kwangu, nusu kwake. Betri zilikuwa adimu. Zikichoka, mtu alizianika juani juu ya bati kama mahindi, zikapata nguvu kidogo, akazirudisha redioni. Kazi yetu ilikuwa kumwambia zipi bado na zipi za kutupa.

Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na shemeji yake akamletea mita ya namba kutoka Dar es Salaam. Ya njano. Watu walijazana mlangoni pake kutazama namba zikikimbia, hata wasio na redio. Wateja wangu walinisalimia kwa adabu sana huku wakielekea kwake. Niliiombea mita ile ianguke, na siku ilipoanguka kweli haikuvunjika.

Niliuza mbuzi, nikapanda basi hadi Moshi. Mwenye duka la mita, mtu mpole, aliniuliza kwanza kazi yangu. Nilipomwambia ni redio na betri, alinitolea mita ya namba ya kijivu, yenye sura mbaya, bei karibu nusu ya ile ya njano. Waya zake zilikuwa nene na ganda lake gumu. Ilikuwa na sehemu yake ya kupimia betri: pale mita huifanyisha betri kazi kidogo, ndipo itoe jibu. Alisema kwa fundi wa betri hakuna ya kuishinda kwa bei ile. Nilimsikiliza huku macho yangu yako kwenye rafu. Nilitaka ya njano. Nilitaka jirani aione akiwa kibandani kwake.

Siku za mshale nilikuwa sitoi jibu bila glopu ya tochi. Betri iliyoanikwa hujifanya ina nguvu ikiwa imekaa bure, lakini ukiipa glopu iiwashe, utaona mwanga unafifia. Niliporudi na ya njano, glopu niliitupia kwenye kopo la misumari. Niliona ni ushamba kuweka kiglopu mbele ya namba.

Mama yangu alishuka gulioni na betri zake nne, bado zina joto la bati. Kaka yake alikuwa mgonjwa huko kwenye mashamba ya mkonge, na simu hatukuwa nayo; habari ya msiba ingekuja kwa matangazo ya vifo redioni. Aliniuliza kama zitafika hata wiki. Nilizipima moja moja, namba zikasimama vizuri.

"Mama, hizi bado kabisa," nilimwambia, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Redio yake ilizimika jioni ileile. Kesho yake mjomba akatangazwa. Waliosikia kijiji cha pili walidhani mama naye amesikia, tena ameshaondoka. Alipopata habari siku ya tatu, mjomba alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama hakuwahi kutupa udongo kaburini kwa kaka yake.

Gulio lililofuata alishuka na betri zilezile, akapita mlangoni kwangu, akavuka barabara. Nilimfuata. Jirani alizipima kwa mita yake, zikatoka namba nzuri kama zangu. Kisha akatoa glopu ya tochi mfukoni mwa shati na kuigusisha kwenye betri. Ikawa nyekundu, ikazima.

"Hizi namba ni za jua tu, mama," alisema. "Usizitegemee."

Miezi yote ile nilimkodolea macho yule mtu, na glopu yake sikuiona hata siku moja. Hapo nikamwonea wivu kuliko siku zote, maana mama alikuwa anamsikiliza.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kisha akamgeukia fundi, akamwomba amchagulie mpya.