Msusi Aliyeitwa Itaendelea

Jina lake la kuzaliwa wateja walilisahau siku nyingi. Walimwita Itaendelea, maana hakuna kichwa alichokimaliza bila kulitamka neno hilo, akakung'uta chanuo gotini na kumwambia mteja asimame ajitazame kwenye kioo. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha fundi simu: viti vya plastiki, benchi la wanaosubiri, draya moja iliyonguruma kama ina kinyongo na mtu, na ukuta uliojaa picha za warembo ambao hakuna mteja aliyewahi kutoka mle akifanana nao. Wasusi wenye mikono miepesi kuliko yeye walikuwepo mtaa huohuo. Lakini kusuka nywele ndogondogo ni kazi ya kutwa, na mtu anayevutwa kichwa kutwa nzima anahitaji kitu cha kumsahaulisha maumivu. Itaendelea alikuwa nacho.

Alikuwa na hadithi, moja tu, na aliisimulia kwa miaka. Ndani yake alikuwemo Malkia, mke wa Mkurugenzi, aliyeishi katika jumba lenye ngazi za kioo na bwawa la kuogelea katikati ya sebule. Bwawa hilo halikumsumbua mtu. Sebule za wateja zenyewe zilikuwa za kupishana na kabati. Akaja mwanamke mwingine, Nyoka, akamghilibu Mkurugenzi, akamtupa Malkia nje kwenye mvua bila kiatu, akamchukua binti yake mchanga na kumwambia mtoto kwamba mama yake kafa. Malkia akavuka maji, akatajirika, akarudi na ndege yake mwenyewe, gauni la hariri na miwani ya jua, kuja kulipiza kisasi. Namna alivyotajirika ilitegemea nani yuko kitini. Kwa wauza mitumba alianza na marobota ya nguo. Kwa wasichana aliachiwa urithi na mzee mpweke aliyempenda kama mwanawe.

Kila mteja alikuwa na mahali alipoishia, na Itaendelea hakukosea hata siku moja. Huyu nilimwacha kwenye sumu, huyu kwenye pete ya almasi iliyopotea, huyu bado hajajua kwamba dereva ni kaka yake Malkia. Waliokaa kwenye benchi walisikia ya mbele yao bila kupenda, wakaziba masikio, kisha wakafungua kidogo.

Kwamba hadithi ilitiwa chumvi, hilo kila mtu alilijua. Lakini wateja waliamini kwamba chini ya chumvi kuna nyama. Walijua Itaendelea ana binti, muuguzi mwenye adabu zake, aliyelelewa na mke mwingine wa marehemu baba yake upande wa pili wa mji. Walijua binti huyo haji saluni. Na walijua, kwa sababu aliwaambia mwenyewe akiwa na uzi mdomoni, kwamba hapa duniani hakuna anachokitaka isipokuwa mtoto yule amwite mama mbele za watu.

Kosa lake lilikuwa pete. Msimulizi yeyote hukopa vitu vidogo alivyoviona, ili kikubwa cha uongo kipate pa kusimama. Siku moja, alipotaka kumpamba Nyoka, akasema Nyoka hugonga pete yake mezani mara mbili kabla ya kusema neno. Akaongeza kwamba jumba lake lina mapazia ya velveti madirisha yote. Ulimi uliteleza kwa raha, kama unavyoteleza mtu akisifiwa. Ila mji ule ulikuwa na mama mmoja tu mwenye duka la mapazia aliyegonga pete kaunta kabla ya kutaja bei, na mama huyo ndiye aliyemlea binti wa Itaendelea. Kila mwanamke aliyewahi kununua pazia pale alitoka saluni siku hiyo akiwa na habari mpya.

Itaendelea hakuirekebisha. Tuseme ukweli, aliona raha. Malkia alikuwa bado anazunguka na ndege yake akipanga kisasi, kumbe kisasi chenyewe kilishaanza kazi mitaani, hakihitaji ndege.

Asubuhi moja binti akaja. Saluni ilikuwa imejaa. Mwalimu wa chekechea alikuwa chini ya draya, na benchini wanawake walikuwa wamebanana. Aliingia na sare yake ya kazi, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae," akasema Itaendelea, na chanuo kikamdondoka. Alishasikia kwamba kuna mchumba. Akaanza kumsogeza mteja aliyekuwa kitini, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, ili ampishe bibi harusi.

"Sikuja kusukwa," binti akasema kwa sauti ndogo, akamsogelea. "Naolewa Jumamosi ijayo. Mama hataki kuja ukumbini."

Itaendelea alichukua muda kuelewa ni mama yupi anayesemwa.

"Amefunga duka," binti akaendelea. "Wanawake wakimwona sokoni wanageuza uso. Kuna mmoja kamrudishia mapazia yaliyokwisha kushonwa, kasema hawezi kutundika uchawi dirishani kwake. Sasa anasema akikaa meza ya mbele watu watamtazama yeye, hawatanitazama mimi."

"Mimi sikumtaja jina."

"Ulitaja pete, mama."

Itaendelea akajifuta mafuta mikononi, kwa muda mrefu kuliko mafuta yenyewe yalivyokuwa.

"Unataka nifanye nini?"

"Waambie hawa hapa, nikisikia. Mji mzima utajua kabla ya jioni. Waambie hakukufukuza mtu, uliondoka mwenyewe. Ukisema hivyo, njoo harusini. Nitakuwekea kiti mbele, karibu na chake. Nimemuuliza, amekubali."

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi na hauna gauni la hariri. Mume alikuwa muuza vipuri mpole na mkimya, mkimya wa kuchosha. Akatokea mpiga gitaa mwenye maneno matamu na tiketi mbili za basi. Mtoto alikuwa amelala mchana, ameachwa kwa jirani, na mama yake alimbusu akamwahidi usingizini kwamba atakuja likizo. Ahadi hiyo akairudia kwa simu mara mbili tatu. Mpiga gitaa akamtema kabla ya mwaka kwisha. Kurudi akaona haya, na haya ikazaa haya nyingine, hata aliporudi mji ule akiwa na chanuo na begi la nguo, mtoto alikuwa msichana mrefu anayemsaidia mwanamke mwingine kupima madirisha ya watu. Mwanamke huyo alikuja nyumba ile mume akiwa keshaachwa zamani. Hata kumwona Itaendelea alikuwa hajamwona.

Itaendelea akazima draya.

"Jamani," akasema, "naomba mnisikilize. Hii hadithi nimeitunga. Hakuna Nyoka. Yule mama wa mapazia hana kosa lolote."

Mwalimu wa chekechea akatoa kichwa kwenye draya, taulo shingoni, akamtazama binti, kisha akawatazama wenzake kama mtu aliyetegua kitendawili.

"Ameshamtisha," akasema. "Mnaona? Kamtuma mtoto aje kumfunga mama yake mdomo. Nilijua tu Nyoka atafanya hivyo."

"Hata mimi nilijua," akasema mmoja wa benchini.

"Pole, mwanangu," mwingine akamwambia binti. "Wewe huna kosa, umelishwa maneno tangu mdogo."

Binti alikuwa anamtazama mama yake peke yake. Neno lililobaki lilikuwa dogo sana: niliondoka mwenyewe. Lingeweza kusemwa kati ya msuko mmoja na mwingine.

"Hebu tuambie basi," mwalimu akauliza, na wala si kwa ubaya. "Kama si yeye, nani alikutenganisha na mtoto wako?"

Wote wakamngoja. Itaendelea akaziangalia zile nyuso. Ndizo zilizomhurumia miaka yote, zikamletea vikombe vya chai na nguo za watoto wao zilizokwisha kuvaliwa ili apate za kuuza. Hakuna mahali pengine alipowahi kuwa mtu. Akafungua kinywa kusema, na alidhani kweli atasema.

"Milango ilikuwa imefungwa," akasema. Sauti ilikuwa ileile ya siku zote, ya chini, tamu. "Nilisimama nje ya geti nikilia, mvua inaninyeshea. Nikamwona mwanangu dirishani, nyuma ya pazia."

Mtu mmoja benchini akaanza kuvuta kamasi. Binti akashusha pumzi.

"Nyumba yetu haikuwa na geti," akasema. "Wala mimi sikuwa dirishani. Nilikuwa nakaa kibarazani kila likizo, nimeoga, nimevaa viatu, maana ulisema utakuja likizo. Mama ndiye aliyekuwa akinibeba kuniingiza ndani nikisinzia."

Hakupaza sauti, wala hakulia. Akamwokotea mama yake chanuo kilichodondoka, akakiweka juu ya meza.

"Baki salama, mama."

Alipotoka wanawake walilia kwa pamoja. Wakasema Nyoka kaiharibu akili ya mtoto wa watu. Itaendelea akamrudisha mteja kitini na kuendelea alipoachia. Mikono ilijua njia yenyewe, na ilikuwa bahati, kwa sababu macho hayakuwa yakiona kitu.

Wiki iliyofuata hakupata nafasi ya kukaa chini. Wateja walikuja mpaka wengine akawarudisha. Huyu anataka kufungwa juu, huyu anataka shanga, huyu kaleta picha kwenye simu. Alipouliza kuna nini, walisema kuna shughuli mahali, wakatazama pembeni. Mwalimu alikuwa wa mwisho, Ijumaa jioni, na yeye hakuweza kuficha.

"Ni harusi ya binti yako, dada. Nilimfundisha kusoma, kanialika. Usinielewe vibaya. Tunakwenda tukamtazame Nyoka kwa macho yetu, tuone kama atathubutu kukaa mbele."

Itaendelea akamsuka vizuri. Alimsuka mistari midogo, sawasawa, kama anamsuka bibi harusi, na hakusimulia lolote. Mwalimu naye hakudai. Jumamosi akafungua saluni kama kawaida, akafagia nywele, akaketi kwenye benchi kutwa nzima. Hakuja mtu.

Jumatatu wakaja na picha. Mwalimu akampa simu, akamwonyesha kichwa chake kwa mbele, kwa pembeni, kwa nyuma.

"Ona nilivyotoka. Kila mtu kaniuliza nani kanisuka."

Itaendelea akazipitisha picha kwa kidole. Ukumbi ulijaa kazi ya mikono yake. Aliitambua misuko yote, hata ile aliyoifunga mkono ukiwa umechoka. Kisha akaiona meza ya mbele. Binti yake alikuwa ameketi na mumewe, mzuri, anatabasamu kama watu wanavyotabasamu wakiambiwa watabasamu. Kando yake palikuwa na viti viwili vitupu, vimefunikwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe.

"Hakuthubutu kuja," mwalimu akasema kwa kuridhika. "Wahudumu walitaka kuviondoa hivyo viti, watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Bibi harusi akakataa. Kila wakija anawaambia vina wenyewe, wasubiri kidogo. Kawasubirisha mpaka keki ikakatwa."

Itaendelea akaishika simu mpaka skrini ikazima. Mwalimu akaichukua mkononi mwake taratibu, akakaa kitini, akainamisha kichwa, akingoja hadithi iendelee.