Mwalimu wa Gofu na Wanaume Themanini na Watano

Pale klabuni walimwita Mwalimu, maana nusu ya wenye vitambi waliocheza gofu Jumamosi ni yeye aliyewafundisha kushika fimbo. Alikuwa na watoto wawili na mume fundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi, kabla mashine za kukata nyasi hazijawashwa, alikuwa keshapiga mipira mia mbili.

Mwaka ule klabu iliandaa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Mwalimu akasoma masharti ubaoni, mstari kwa mstari, akajaza fomu na kuipeleka kwa katibu.

Katibu alitabasamu. "Mwalimu, haya ni ya wanaume."

"Imeandikwa wapi, mzee?"

"Si lazima iandikwe. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Nionyeshe."

Katibu akapekua makaratasi weee, asione kitu. Mwishowe akakubali shingo upande, ila Mwalimu aanzie kwenye alama za mbele, wanakoanzia wanawake, na matokeo yake yasihesabiwe.

"Sasa hapo nitakuwa nimecheza nini?" Mwalimu akauliza. "Naanzia nyuma, na wenzangu." Katibu hakupata sharti la kumzuia, akamwandikisha hivyo.

Jioni alimsimulia mumewe huku akimenya viazi kwa hasira, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Mume akakichukua kisu taratibu.

"Mama watoto, kwa nguvu utawafikia?"

"Siwafikii. Wapo wanaonizidi hatua hamsini kwa mpigo mmoja. Lakini wakikaribia shimo wengi wao wanababaika. Mimi sibabaiki."

Mume akaomba ruhusa kazini, akambebea mfuko wa fimbo siku zote mbili za mchujo.

Mchezaji mmoja aliyepangwa naye, jamaa wa mabega mapana, hakumpa hata mkono. Kwenye shimo la bwawani jamaa alitaka kuvuka maji kwa mpigo mmoja. Mpira ukazama, na wa pili ukaufuata. Mwalimu alipiga mfupi, akasogeza, akatumbukiza.

Wachezaji walikuwa themanini na sita, na hamsini ndio wangeendelea. Kwenye shimo la mwisho mpira wake ulisimama mdomoni, na kwa mpigo huo mmoja wa ziada akawa wa hamsini na moja.

Kesho yake gazeti likaandika: "Mwanamke Ashindwa Kuwamudu Wanaume." Katibu akalibandika ukutani kwake.

Mwalimu aliingia ofisini na orodha ya matokeo, akaitandaza mezani.

"Hesabu walio chini yangu, mzee."

"Mwalimu, usiliweke moyoni. Kwa mwanamke umejitahidi."

"Wapo thelathini na watano, wanaume watupu, na yule mwenye mabega yumo. Hao wameshindwa kummudu nani? Mbona majina yao hayamo gazetini?"

Katibu akajifanya anatafuta kalamu. Mwalimu akamwambia papo hapo kwamba atafute mtu mwingine wa kufundisha wageni wake, akatoka bila kufunga mlango.

Miezi minne baadaye klabu ya mji wa jirani ilimpokea bila maneno kwenye mashindano kama yale. Alianzia nyuma, akapita mchujo, akamaliza wa ishirini na tisa. Gazeti lile halikuandika hata mstari. Mumewe alipiga simu kuuliza, akajibiwa kwamba hapakuwa na habari.