Mgongo wa Bi Chausiku

Wanaosema mimi Ashura ni mdaku wana haki yao, na mimi nina haki yangu ya kujibu. Nyumba yangu na ya Bi Chausiku pale mtaani Dunda zilipakana ukuta. Mtu akiguna upande wa pili unamsikia, utake usitake, na mimi nilimsikia mwaka mzima.

Alikuwa msuka mikeka. Tangu afiwe na mumewe hakuwa na kazi nyingine. Anakaa chini, miguu kainyoosha, ukili wa mkeka mkononi, asubuhi hadi alasiri, na mkeka wake ukiununua leo mjukuu wako atakuja kuukalia. Lakini mgongo nao una kiasi. Ukaanza kumkatalia kuinuka, kisha kuinama, na mwisho Bi Chausiku akawa anasali amekaa juu ya kigoda. Dini imemruhusu mgonjwa, na sote tulimwambia hivyo. Maneno yetu hayakumwingia. Siku moja anachambua ukindu aliniambia, bila kuniangalia, kwamba nusu ya mji huu wanasujudu juu ya mikeka yake, na paji lake mwenyewe halijagusa mkeka tangu Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Aliuma mdomo akaendelea kuchambua.

Basi akaja Msabaha, mtoto wa dada yake, kutoka Kaole. Msabaha alikwenda vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, akaanguka kutoka kwenye lori la jeshi, akakaa hospitali miezi minne. Huko kulikuwa na mwuguzi mmoja mkali aliyewalaza majeruhi sakafuni kila siku na kuwafundisha kuunyoosha mwili upya. Msabaha akamwonyesha mama yake mdogo. Unalala chali. Unavuta kitovu ndani mpaka kiuno kizima kiguse mkeka. Unainua miguu, unanyoosha mikono kando, kisha unaipigapiga hiyo mikono juu na chini, kidogo kidogo, pumzi inaingia kwa hesabu ya tano na kutoka kwa tano, hadi ufike mia. Ukizungumza katikati, hesabu imeharibika, anza upya. Halafu unajiinua taratibu, pingili moja baada ya moja, na kurudi vivyo hivyo. Akamwambia asifanye siku moja akaacha tatu, bali afanye kila siku, hata kama ni kidogo.

Bi Chausiku alipanga mambo yake kimya kimya. Mwanamke wa heshima kulala chali mchana, kazi zinamngoja, kwetu Dunda hiyo ilikuwa habari ya wiki. Kwa hiyo alingoja wali. Akishapalia makaa juu ya kifuniko cha chungu, kuna ule muda wa wali kukauka ambao zamani aliutumia kunisikiliza mimi. Sasa alifunga mlango, akatandika mkeka aliousuka mahsusi, mnene, akavua kanga na kuvaa suruali ya kaki ya marehemu mumewe, maana miguu ikiinuliwa kanga haina msaada. Wali ukitoa harufu ya kukauka, naye amemaliza. Alfajiri alifanya mara ya pili, maji ya chai yakiwa jikoni. Na alipokuwa anasuka, kila akimaliza pima moja ya ukili, alisimama akajinyoosha.

Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba jirani yangu kaanza kunifungia mlango mchana.

Siku yenyewe zilibaki wiki mbili tuingie Ramadhani. Nilikwenda kuomba kaa la moto, kaa la kweli, si kisingizio, jikoni kwangu moto ulikuwa umezimika. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili na ya tatu. Ndani nasikia mtu anapumua kwa kishindo. Nikaweka jicho kwenye ufa wa mlango, nikaona suruali ya marehemu iko hewani, ina miguu ndani yake, na Bi Chausiku chali anapiga mikono macho kayatoa. Nikamwita jina. Hakujibu. Mwenzangu, sisi tumekua tukiona wanawake wakipandwa na pepo la kiume wanataka nguo za kiume, wanahema, wakiitwa hawaitiki. Ungefikiri nini? Nilipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

Kumbe alikuwa kwenye tisini na mbili na hakutaka kuanza upya.

Alipotoka na kanga yake, uso umemwiva, ua ulikwisha kujaa watu. Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa, maana mwenye pepo siku zote husema hana. Kaka yake Abdala, mtu mwoga wa maneno ya watu, aliamua papo hapo. Akamwita Bi Sihaba, fundi wa kupunga pepo, na akatangaza kwamba Alhamisi dada yake ataingizwa ndani, afunikwe shuka, afukizwe siku saba, na mambo ya kulala chali yakome. Bi Chausiku alinitazama mara moja tu. Siku saba za kukaa amejikunja chini ya shuka, mgongo ungerudi ulikotoka, na Ramadhani ingemkuta juu ya kigoda. Nilijua hilo kwa yale macho. Niliona aibu, na aibu yangu haikumsaidia kitu.

Alhamisi Bi Sihaba akaja na chetezo chake na ubani. Alikuwa mama mnene, mwenye akili nyingi na maneno machache. Akatutoa wote nje, isipokuwa mimi, kwa sababu nilijifanya nashika chetezo. Akamsikiliza Bi Chausiku mwanzo mpaka mwisho. Kisha akampa ushauri ambao mimi ningeupokea kwa mikono miwili. Akubali tu kwamba ana pepo. Yeye Sihaba atatoka nje aseme pepo hataki ngoma wala halua, anataka kulazwa mkekani kila siku wali unapokauka, asisumbuliwe. Abdala mwenyewe atalinda mlango. Na ni kweli kabisa. Mwanamke akisema mwili wangu unataka kitu fulani, atachekwa, lakini pepo akisema, mji mzima utakimbia kukitafuta.

Bi Chausiku alipitisha kiganja juu ya mkeka.

“Bi Sihaba,” akasema, “mimi ninachotaka ni kumsujudia Mungu. Nianze na uongo?”

Bi Sihaba akaweka mkono kiunoni kwake mwenyewe, akakisugua kidogo. Kisha akanituma niwaite wanawake wote waingie, na Abdala akae kibarazani. Akamwamuru Bi Chausiku avae ile suruali na afanye yote mbele yetu, nasi tuhesabu kwa sauti. Tukahesabu. Kwenye ishirini walicheka. Kwenye hamsini walikuwa wanavuta vitovu vyao wenyewe ndani, niliwaona. Kwenye mia hakuna aliyecheka. Akajiinua pingili moja moja mpaka akakaa wima, jasho linamtiririka.

Bi Sihaba akafunika chetezo. “Huyu hana pepo,” akasema. “Ana mgongo.”

Fundi akishasema, nani atabisha? Abdala alipumua, akaomba chai.

Ramadhani ikaingia. Mchana hakuna wali wa kupalia, basi Bi Chausiku akahamishia mazoezi yake jioni, futari ikiwa jikoni, na mlango akauacha wazi. Adhuhuri ya siku ya kwanza tulikusanyika wanawake saba ukumbini kwake kusali. Nilimwona akikibeba kigoda, akakitoa uani, akarudi kusimama kando yangu. Mwenyezi Mungu anisamehe, sala yangu ya siku ile sijui iliishia wapi, kwa maana jicho moja lilikuwa kwa jirani. Akarukuu. Magoti yakalia. Akashuka polepole, kama alivyojizoeza, mikono, kisha pua, kisha paji la uso.

Likagusa mkeka. Akakaa pale mpaka nikaanza kuogopa, na nikajikaza nisipige ukelele wa pili.

Tulipotoa salamu, uso wake ulikuwa umelowa, na mistari ya ukili imejichora juu ya paji, msuko kwa msuko, kazi ya mikono yake mwenyewe. Nilimpa ncha ya kanga yangu ajifute. Akajifuta macho tu. Lile paji hakuligusa, akatoka nalo vile vile kwenda kisimani, njia ya mbali, ile inayopita mbele ya nyumba za watu wote.